Somo: kadi ya pembeni haisomi kwenye laptopu ya zamani yenye Linux

Wakuu, wiki hii nimeulizwa swali hili mara nne, mara mbili na mtu yule yule. Naandika hapa, atakayeuliza tena namtumia uzi huu. Nazungumzia zile laptopu za mtumba zenye mdomo ubavuni wa kuchomekea kadi (PC Card, au PCMCIA) ya waifai au ya kuongeza USB. Hapa Mwanga, Kigoma, bado zinafika mezani kwangu.

1. Sukuma kadi mpaka mwisho.

2. CardBus ni aina mojawapo ya kadi hizi, naieleza hatua ya 4. Kwenye terminali andika lspci | grep -i cardbus. Kidhibiti (chipu inayoendesha mdomo wa kadi) kisipoonekana, ingia BIOS, mipangilio ya kabla Linux haijawaka. Toshiba za zamani zina chaguo la kidhibiti cha kadi: weka CardBus/16-bit, siyo PCIC.

3. Angalia kama draiva ya kidhibiti imepakiwa: lsmod | grep yenta. Haipo? sudo modprobe yenta_socket. Wa FreeBSD (mfumo mwingine, si Linux), draiva yenu ni cbb, hatua zinazofuata si zenu.

4. Ijue kadi yako. Yenye ukanda wa dhahabu wenye vinundu, upande wa matundu, ni CardBus ya biti 32. Isiyo nao kwa kawaida ni ya biti 16.

5. Hapa ndipo nilipochemka. Faili /etc/pcmcia/config.opts linataja anwani (namba ambazo vifaa hutumia kuwasiliana na prosesa) ambazo kadi za biti 16 zinaruhusiwa kutumia. Mteja alikuwa amekaa kwenye benchi, anawahi boti Kibirizi, nami kwa haraka nikanakili faili zima kutoka mashine nyingine. Laptopu ikaganda: kipanya kimya, kibodi kimya. Nikazima kwa nguvu, nikawasha, ikaganda tena, maana upekuzi wa anwani hizo unaanza wenyewe kila ukiwasha. Boti ikamwacha. Kumbe mfumo hupekua anwani kutafuta zilizo wazi, na kwenye baadhi ya laptopu kuna kifaa kingine humo kisichotaka kuguswa. Kilichoniokoa ni mstari mmoja ndani ya faili hilo: exclude port 0x800-0x8ff.

TAHADHARI: weka nakala ya faili kwanza. USINAKILI la mwenzako. Ikishaganda, kwenye GRUB (menyu ya kuwashia Linux) bonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na linux ongeza modprobe.blacklist=yenta_socket, uwashe, urekebishe faili kwa utulivu.

6. CardBus bado haionekani? Soma dmesg, kumbukumbu za mfumo. Ikitaja pci=assign-busses, iongeze kwenye mstari ule ule wa GRUB. Maana yake BIOS haikukigawia kidhibiti cha kadi namba za basi (njia ya data ya PCI) vizuri.

MASWALI

Mdau wa Ujiji: Mkuu kadi yangu haisomi, nifanyeje?

Mimi: Hatua ya 1 hadi 6.

Mdau wa Ujiji: Nimefuata zote, imegoma.

Mimi: lspci imetoa nini?

Mdau wa Ujiji: Hiyo sijaandika.

Mimi: Basi hujafuata zote.

Mdau wa Kasulu: Shikamoo fundi. pccardctl ident inasema haina maelezo ya kadi, lakini waifai inapiga kazi. Imekaaje?

Mimi: Marahaba, umeuliza la maana. Amri hiyo husoma maelezo ya kadi za biti 16. Ya biti 32, ikishaingia, mfumo unaiona kama kifaa chochote cha PCI, kama vile imefungwa kwa ndani. Tumia lspci -nn, utaona namba mbili kwenye mabano. Ukikuta 168c:0013 hiyo ni Atheros, draiva yake ath5k, na haidai faili la fimweya (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi). Broadcom inayotumia b43 itakudai, na kulipakua bila mtandao ni kazi. Ukienda kununua, chagua Atheros.

Mdau wa Uvinza: Mambo ya kizamani haya. Si anunue kidude cha USB tu?

Mimi: Laptopu yenye USB 1.1 inaishia megabiti 12 kwa sekunde. Kidude chako kitapumulia humo humo. Halafu sikumlazimisha mtu kusoma.

Mdau wa Kibirizi: Sisi wa ziwani unyevu unatumaliza. Yangu naiweka usiku kwenye kopo la mchele.

Mimi: Toa mchele. Vumbi lake linaingia kwenye yale matundu 68, ukichomeka unakandamiza uchafu kwenye pini za laptopu. Kopo tupu lenye mfuniko linatosha. Na kabla ya kuchomoa, sudo pccardctl eject.

Mdau wa Kibirizi: Pini moja imeshapinda.

Mimi: Usiinyooshe na sindano. Kesho pita mezani, uje na chaja yako.