Somo: Kodlesi (simu zisizo na waya) za ofisi zinakatika? Tafuta ugonjwa kabla ya kununua besi mpya

Mafundi wenzangu, niliwahi kuitwa kwenye hoteli moja Mji Mkongwe, Zanzibar. Simu sita, besi mbili (vituo vinavyowasiliana na simu hizo kwa mawimbi), na meneja alikuwa ameshaagiza bei ya mtambo mzima mpya. Besi zote zilikuwa nzima. Inaniuma kuona mtu anatupa kifaa kizima, kwa hiyo naandika utaratibu ninaoufuata kwenye mitambo ya DECT, yaani teknolojia ya redio inayounganisha kodlesi na besi yake.

Hatua ya 1. Uliza kwanza, bisibisi ibaki mfukoni. Ni simu moja au zote? Kila mahali au chumba kimoja? Simu moja ikisumbua kila mahali, shika simu hiyo na betri yake. Zote zikisumbua mahali pamoja, tatizo ni mawimbi. Zote zikisumbua kila mahali, nenda kwenye besi, umeme na laini.

Hatua ya 2. Betri. Nyingi hutumia NiMH (betri za kuchaji) mbili za volti 1.2. Pima kwa mita simu ikiwa hewani kwenye maongezi, maana betri mbovu ikipumzika husoma vizuri tu. Zote mbili kwa pamoja zikishuka chini ya volti 2.2, badilisha. Futa na vile vidole vya chaja kwa spiriti; chumvi ya bahari huvila.

Hatua ya 3. Tembea huku unaongea. Hapa usiwe na haraka. DECT hufika kama mita 50 ndani ya jengo na 300 uwanjani, lakini ukuta hupunguza sana. Pale hotelini simu ilikuwa sawa ukisimama. Ukipanda ngazi inakata, palepale kwenye kona, kila mara. Hiyo ni dalili ya besi kushindwa kukabidhiana simu, yaani moja kuipa nyingine maongezi unapotembea. Besi hizi hulinganisha muda wao kwa kusikilizana hewani, na ya pili ilikuwa imewekwa juu ya friji, nyuma ya ukuta wa mawe ya matumbawe mnene karibu nusu mita. Tuliihamishia kwenye uwazi wa ngazi, ikaisikia mwenzake, simu zikaacha kukatika. Gharama yake ilikuwa kebo tu.

Hatua ya 4. Besi ikijizima na kuwaka, ipe adapta yake ya asili au tundu jingine la swichi ya mtandao kama inapata umeme kupitia kebo ya mtandao, na ubadilishe kebo.

Hatua ya 5. Kwa mitambo ya SIP (simu zinazopita kwenye mtandao wa intaneti), sauti ikisikika upande mmoja tu, usiguse mawimbi. Ingia kwenye ruta, zima SIP ALG (kipengele cha ruta kinachogusa ujumbe wa SIP), kisha hakikisha milango ya RTP, inayopitisha sauti, haijafungwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Arusha: Mwalimu, je, Wi-Fi ndiyo inayokwaruza simu zetu?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. DECT yetu iko kati ya MHz 1880 na 1900, Wi-Fi iko GHz 2.4 na 5. Angalia betri na umbali.

Mwanachama, Mombasa: Shemeji ameniletea kodlesi kutoka Marekani, imeandikwa DECT 6.0. Inagoma kujisajili kwenye besi ya ofisi.
Jibu: Haitakubali kamwe. Ya Marekani hutumia MHz 1920 hadi 1930, na huku kwetu masafa hayo yamo kwenye mkanda ambao simu za 3G hutumia kurusha kwenda mnarani. Tafadhali usiiwashe hata na besi yake yenyewe, utawavurugia majirani mtandao.

Mwanachama, Morogoro: Shikamoo mwalimu. NiMH hazipatikani huku. Naweza kuweka betri za rimoti?
Jibu: Marahaba. Usiweke. Hizo hazichajiwi, ukiirudisha simu kwenye chaja zitavuja na kuharibu bodi. Agiza NiMH mjini, na chukua jozi mbili.