Toleo jipya la D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha kete) limetoka, msigombane mezani
Kwanza usiuze vitabu vyako vya sheria vya toleo la 2014, tulia. Mwaka 2008 toleo la 4 lilipotoka watu walinuna kinoma, wengi wakahamia Pathfinder, mchezo mshindani wa aina hiyo hiyo uliokuja 2009, yani ugomvi wote huo sababu ya kete jamani. Hili la 2024 halijaachana sana na la 2014, kwa hiyo pakueni sheria za bure, chezeni usiku mmoja na wahusika wa muda tu, halafu ndo mbishane. Mkikwama chukueni sheria mpya kipande kipande, mfano kunywa dawa ya kuponya kwa bonasi aksheni (kitendo kidogo cha ziada kwenye zamu yako), hiyo hata wabishi wa kwetu waliikubali. Ila kampeni (hadithi ndefu mnayoicheza kwa vikao vingi) ikiwa katikati, imalizeni na sheria za zamani, msibadilishe njiani.