Somo: Jumla ya akiba inapotoka kubwa kuliko fedha zilizopo

Somo hili ni la wanaotunza data za vikundi vya kuweka na kukopa au SACCOS ndogo kwenye hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL, kisha wanaingia kwenye R (lugha ya takwimu) kutafuta wastani na kuchora grafu za mkutano mkuu. Ukikosea herufi kwenye kweri (swali unaloiandikia hifadhidata kwa lugha ya SQL), kompyuta inakukatalia papo hapo, unarekebisha, yameisha. Linaloumiza ni lile kosa ambalo kompyuta inalipokea bila neno, inakupa namba safi, na namba hiyo inasomwa mbele ya wanachama. Hizi ni fedha za watu, kwa hiyo tuende taratibu.

Tuna majedwali matatu: wanachama (namba, jina), akiba (namba, kiasi, tarehe) na mikopo (namba, kiasi, mwaka). Mwanachama 101 ameweka akiba mara tatu: 50,000, tena 50,000, kisha 70,000. Amekopa mara mbili: 500,000 na 300,000. Akiba yake basi ni 170,000 na mikopo yake 800,000. Shika namba hizo mbili.

Hatua ya 1. Litazame kosa lenyewe

Wengi huandika hivi:

```
SELECT w.namba, SUM(a.kiasi) AS akiba, SUM(m.kiasi) AS mikopo
FROM wanachama w
JOIN akiba a ON a.namba = w.namba
JOIN mikopo m ON m.namba = w.namba
GROUP BY w.namba;
```

Kwa 101 utapata akiba 340,000 na mikopo 2,400,000. Hakuna onyo hata moja. Sasa ondoa SUM na GROUP BY, chagua a.kiasi na m.kiasi, weka WHERE w.namba = 101, uone kilichojumlishwa:

```
akiba    mkopo
50000    500000
50000    300000
50000    500000
50000    300000
70000    500000
70000    300000
```

Mistari sita. Kila akiba imekutanishwa na kila mkopo, tatu mara mbili. Akiba zote zimehesabiwa mara mbili kwa sababu mikopo ni miwili, na mikopo imehesabiwa mara tatu kwa sababu akiba ni tatu. SQL haijakosea: uliiambia iunganishe kwa namba ya mwanachama, nayo imetii. Akiba na mikopo havina uhusiano wowote kati yao isipokuwa mwenyewe ni mmoja.

Ubaya wake ni kwamba mwanachama mwenye akiba moja na mkopo mmoja anatoka sawasawa. Ukikagua wawili watatu wa aina hiyo utaridhika, na ripoti itapita. Kagua yule mwenye miamala mingi kuliko wote.

Hatua ya 2. Jumlisha kwanza, unganisha baadaye

```
SELECT w.namba, a.jumla_akiba, m.jumla_mikopo
FROM wanachama w
LEFT JOIN (SELECT namba, SUM(kiasi) AS jumla_akiba
           FROM akiba GROUP BY namba) a ON a.namba = w.namba
LEFT JOIN (SELECT namba, SUM(kiasi) AS jumla_mikopo
           FROM mikopo GROUP BY namba) m ON m.namba = w.namba;
```

Kila kweri ya ndani inatoa mstari mmoja tu kwa mwanachama, hivyo hakuna cha kuzidishana. 101 anarudi na 170,000 na 800,000. LEFT JOIN inabakiza hata wale ambao hawajakopa, ambao ile JOIN tupu ya mwanzo iliwatupa nje kimyakimya.

Hatua ya 3. Hesabu mistari, kila mara

Endesha SELECT COUNT(*) FROM wanachama. Kisha hesabu mistari ya kweri yako. Kwa kweri kama hii ya hatua ya 2, idadi lazima zilingane. Ikizidi, upande mmoja una namba iliyojirudia. Ikipungua, kuna watu umewapoteza.

Mara nyingi wanapotelea hapa: umeunganisha jedwali la mikopo kwa LEFT JOIN, kisha ukamalizia na WHERE m.mwaka = 2024. Asiye na mkopo ana NULL (pengo lisilo na thamani) kwenye mwaka, na NULL haipiti sharti hilo, kwa hiyo anaondolewa na LEFT JOIN yako inakuwa JOIN ya kawaida. Hamishia sharti kwenye ON (AND m.mwaka = 2024), au liweke ndani ya kweri ndogo kabla ya kujumlisha.

Hatua ya 4. Amua NULL ina maana gani, ndipo uende R

Tuseme wanachama ni wanne. Mmoja amekopa 800,000, mwingine 200,000, wawili hawakukopa. AVG ya SQL inaruka NULL, inakupa 500,000. Ukiandika AVG(COALESCE(jumla_mikopo, 0)), yaani NULL ihesabiwe kama 0, unapata 250,000. Zote mbili ni sahihi, ila zinajibu mambo tofauti: ya kwanza ni wastani wa waliokopa, ya pili ni wastani wa wanachama wote. Iandike kwenye kichwa cha jedwali la ripoti ni ipi.

R ina tabia nyingine, na mimi naipenda zaidi. mean(mikopo) yenye NA (pengo, kama NULL ya SQL) ndani inakurudishia NA mpaka wewe mwenyewe useme na.rm = TRUE, yaani ziondolewe. Usiiweke kwa mazoea, hesabu kwanza sum(is.na(mikopo)) ujue ni wangapi unaowaacha.

Ukiunganisha ndani ya R, matoleo ya dplyr (kifurushi cha R cha kupanga data) kuanzia 1.1.1 yanakuruhusu kutamka unachotarajia:

```
ripoti <- left_join(wanachama, jumla_mikopo, by = "namba",
                    relationship = "one-to-one")
```

Namba ikijirudia, inakataa na kusimama. Hii itumie.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusiweke tu SUM(DISTINCT a.kiasi) kwenye ile kweri ya kwanza? Ni fupi.

Jibu: Marahaba. Ijaribu kwa 101. Mikopo itatoka 800,000, utafurahi. Akiba itatoka 120,000, kwa sababu zile 50,000 mbili zimehesabiwa kama moja, na mwanachama amepoteza 50,000 yake kwenye karatasi. Vikundi vingi vina kiwango kimoja cha kila mwezi, kwa hiyo viwango kufanana ndiyo hali ya kawaida.

Swali: Natafuta ambao hawajawahi kukopa. Nimeandika WHERE namba NOT IN (SELECT namba FROM mikopo), matokeo ni matupu, na hao watu nawajua kwa sura!

Jibu: Kwenye jedwali la mikopo kuna mstari ambao namba yake ni NULL. SQL inajiuliza, "Je, 105 ni tofauti na kitu kisichojulikana?" Haiwezi kusema ndiyo wala hapana, kwa hiyo haimpitishi yeyote. NULL moja inatosha kufuta matokeo yote. Tumia hii:

```
SELECT w.namba FROM wanachama w
WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM mikopo m WHERE m.namba = w.namba);
```

Kisha utafute ule mkopo usio na mwenyewe. Kuna mtu amechukua fedha na haijulikani ni nani. Hilo ni zito kuliko kweri yako.

Swali: Kaka, data yangu imetoka Excel. Kwenye R nikifanya as.numeric(kiasi) napata 1, 2, 3 badala ya fedha.

Jibu: Safu hiyo imesomwa kama factor (aina ya data ya makundi), na unachopata ni namba za mpangilio wa makundi, si thamani. Kabla ya R 4.0.0 ya mwaka 2020, read.csv iligeuza maandishi yote kuwa factor, na skripti za zamani bado zina stringsAsFactors = TRUE. Kwa kuwa kiasi chako kimeonekana kama maandishi, huenda kina koma. Kigeuze kuwa maandishi na uondoe koma kwa pamoja:

```
kiasi <- as.numeric(gsub(",", "", as.character(kiasi)))
```

Swali: Mimi naunganisha kwa namba ya simu. Kwenye hifadhidata zinaanza na 07, kwenye R sifuri imepotea, hakuna hata mmoja anayelingana.

Jibu: Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, basi isome kama maandishi tangu mwanzo: read.csv("simu.csv", colClasses = c(simu = "character")). Kama faili lilifunguliwa na kuhifadhiwa kwenye Excel kwanza, huenda sifuri ilipotelea huko, na R haiwezi kuirudisha. Lichukue upya kutoka kwenye hifadhidata.

Swali: Asilimia ya waliorejesha inatoka 0 kwa kila tawi. PostgreSQL.

Jibu: Umegawanya namba nzima kwa namba nzima, na PostgreSQL inakata desimali: 45 / 60 ni 0. Andika 100.0 * waliorejesha / NULLIF(waliokopa, 0). Ile 100.0 ikitangulia inaleta desimali, na NULLIF inazuia kweri kuanguka kwa tawi ambalo hakuna aliyekopa. Kwenye MySQL alama ya / inatoa desimali yenyewe, ndiyo maana kweri ileile ilifanya kazi kule.