Somo: Kuwatafuta mliosoma nao sekondari

Wengi wakiwakumbuka wenzao wa sekondari hukimbilia kufungua kundi la WhatsApp. Nakushauri usianzie hapo. Kundi linabeba hadi watu 1,024, lakini mtu mliyepotezana miaka ishirini akijikuta ghafla kati ya namba asizozijua, husoma siku mbili kimyakimya kisha hutoka. Anza na mmoja.

Hatua ya 1: Tafuta picha ya darasa, uandike majina yote unayoyakumbuka, pamoja na ya utani. Wanawake wengi hubadili jina la ukoo wakiolewa, kwa hiyo ukimkosa mtandaoni kwa jina la shuleni, mtafute kaka yake.

Hatua ya 2: Chagua yule ambaye kumbukumbu yake bado unaiona vizuri, hata kama hakuwa rafiki mkubwa.

Hatua ya 3: Mwandikie. Hapa ndipo wengi hukwama, na mimi nilikwama miezi. "Mambo, umepotea sana" haitoshi, tena ina lawama ndani yake. Andika hivi:

"Habari za miaka mingi? Ni mimi wa dawati la dirishani. Leo kalamu imenivujia nikakumbuka siku ya mtihani wa jiografia, uliponiazima sweta nifunike doa la wino. Sina shida yoyote, nimetaka tu kukujulia hali."

Hayo maneno "sina shida yoyote" usiyaache. Anayetafutwa baada ya kimya kirefu huhisi anakuja kupigwa mzinga.

Ukiogopa kusumbua, kumbuka utafiti wa Peggy Liu na wenzake uliotoka 2022, uliohusisha watu zaidi ya 5,900: anayemtafuta mwenzake hukadiria furaha ya mwenzake kuwa ndogo kuliko ilivyo. Na asiyetarajia kutafutwa ndiye hufurahi zaidi.

Hatua ya 4: Akijibu, pigianeni simu kwanza. Kukutana kutakuja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Amesoma ujumbe, wiki tatu hajajibu. Nimwandikie tena?
Jibu: Mara moja tu, mwezi ukipita, tena usimuulize kwa nini yuko kimya. Baada ya hapo mwache. Huenda miaka ile kwake ilikuwa michungu.

Swali: Aliyekuwa akinionea shuleni ananitafuta, anataka tuonane.
Jibu: Pole, dada. Huna deni naye. Ukitaka, mwambie aseme kwa maandishi anachotaka kusema, usome siku utakayokuwa tayari. Na usipotaka, mfungie bila kujieleza.

Swali: Nilipiga namba ya rafiki yangu, akapokea binti yake. Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Nikababaika, nikakata simu.
Jibu: Mpigie tena huyo binti, leo hii ukiweza. Mpe pole, halafu umsimulie mama yake alivyokuwa na miaka kumi na sita: alivyocheka, alivyochelewa mstarini, nyimbo alizopenda. Hakuna mwingine nyumbani kwao anayeyajua hayo. Na ile picha ya darasa mtumie, umwonyeshe mama yake yuko mstari wa ngapi.