Tanguliza masanduku melini, kisha rudi mjini

Ikiwa safari yako ya meli kwenye Mto Danube inaanzia Budapest, peleka masanduku melini asubuhi, kisha urudi kutembea mjini, badala ya kukaa hotelini ukingojea vyumba vya meli vifunguliwe alasiri. Jambo hili linawezekana kwa sababu meli za mtoni ni ndogo, nyingi hazizidi urefu wa mita 135, nazo hufungwa kwenye magati yaliyo katikati ya jiji, hivi kwamba kutoka gatini hadi Soko Kuu lililo karibu na Daraja la Uhuru mara nyingi ni mwendo mfupi wa miguu. Dawa na hati za safari ziwe kwenye mkoba wako wa mkononi. Kabla ya kuondoka, omba mapokezi kadi yenye jina la meli na namba ya gati, kwa maana meli hufungwa ubavu kwa ubavu, na huenda ukirudi ukalazimika kupita ndani ya meli nyingine ili kuifikia yako. (Kwa sababu hiyohiyo, dirisha ulilolilipia ghali laweza kutazama mapazia ya jirani usiku wa kwanza.) Mbinu hii hushindwa maji ya mto yanapojaa au kupungua mno, kwani meli huweza kuhamishiwa gati la mbali, au hata mji mwingine ambako abiria hupelekwa kwa basi; kwa hiyo thibitisha gati asubuhi hiyohiyo kabla ya kuita teksi.