Programu Yako ya Kwanza ya Simu: Hesabu ya Muuza Samaki wa Amu

Ukitaka kujifunza kuunda programu za simu, chagua kazi moja ndogo unayoijua vizuri, uikamilishe. Hapa tutatumia ya muuza samaki: aandike kilo za changu na bei ya kilo, simu impe jumla. Skrini moja, visanduku viwili, kitufe kimoja. Programu ya kukata tiketi za boti za Mokowe na Shela, yenye ramani na malipo, iache kwanza. Inataka seva, hifadhidata na usalama wa fedha kwa pamoja, na hapo ndipo wanafunzi wengi huvunjika moyo.

Twapendekeza Flutter, zana ya kuundia programu za simu, inayotumia lugha ya msimbo iitwayo Dart. Msimbo mmoja hutoa programu ya Android na ya iPhone, ingawa ya iPhone huwezi kuijenga bila kompyuta ya Mac. Kotlin, lugha nyingine ya msimbo, nayo ni njia nzuri kwa Android. Muhimu ni kushika moja na kutoiacha katikati. Kama bado huna laptopu, fungua dartpad.dev kwenye kivinjari cha simu ujizoeze Dart humo, bila kusakinisha chochote.

Laptopu iwe na RAM ya GB 8 angalau. Emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, hula kumbukumbu nyingi mno, kwa hiyo tumia simu yako halisi. Vifurushi vya kupakua ni vya GB kadhaa. Tafuta Wi-Fi, usivishushe kwa data ya simu. Sakinisha Git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo), Android Studio (zana za kujengea programu za Android), kisha Flutter. Folda ya Flutter iwe mahali pasipo na nafasi katika jina: C:\Program Files haifai, C:\dev yafaa. Halafu fungua terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike flutter doctor. Amri hii hukutajia kila kinachokosekana. Mara nyingi kinachobaki ni leseni za Android, nazo hukubaliwa kwa flutter doctor --android-licenses.

Kwenye simu, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, ubonyeze nambari ya muundo (Build number) mara 7. Chaguo za wasanidi zitatokea. Washa utatuzi wa USB (USB debugging), kisha unganisha simu na kompyuta kwa waya. Simu isipoonekana kwenye kompyuta, shuku waya kwanza. Nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data.

Sasa andika kwenye terminal flutter create hesabu_samaki. Jina liwe la herufi ndogo, maneno yaungwe kwa kistari cha chini (_), bila nafasi wala kistari cha kawaida. Ingia ndani ya folda hiyo, kisha flutter run. Mara ya kwanza Gradle, zana inayojenga programu za Android, hupakua vitu vyake, na skrini inaweza kukaa kimya dakika nyingi. Usiikatize, mara ya pili huwa haraka.

Fungua faili la lib/main.dart, ndimo ulimo msimbo wa programu. Kilichoandikwa kwenye kisanduku ni maandishi, hata kikionekana kama namba, kwa hiyo lazima ukigeuze. Wanaoanza hutumia int.parse, na programu hutupa kosa mara muuzaji anapoandika 2.5. Tumia hivi (maandishi ni kile kilichoandikwa kwenye kisanduku):

final kilo = double.tryParse(maandishi.replaceAll(',', '.'));
if (kilo == null) ujumbe = 'Andika uzani kwa tarakimu';

Mtu akiandika "2 na nusu", tryParse hurudisha null, yaani hakuna thamani, badala ya kutupa kosa, nawe unamwelekeza kwa upole. Koma tumeigeuza nukta kwa sababu wako watakaoandika 2,5. Kwa bei pia tumia tryParse, ila koma ifute badala ya kuigeuza nukta, maana 1,000 ingesomeka 1. Kilo 2.5 kwa shilingi 400 ikileta 1,000, hesabu imesimama.

Jumla ikikataa kubadilika kwenye skrini ilhali hesabu ni sahihi, umesahau setState, amri ya kuiambia Flutter ichore upya. Flutter haichori upya mpaka uiambie thamani imebadilika. Na ukibadilisha kwenye msimbo thamani ya mwanzo ya kigeu (jina linaloshika thamani), kubonyeza r kwenye terminal ili kupakia mabadiliko hakutoshi, bonyeza R kubwa ianze upya.

Akaunti ya Google Play ni dola 25, hulipwa mara moja, lakini huihitaji bado. Andika flutter build apk --split-per-abi upate mafaili madogo, kila moja kwa aina yake ya prosesa: simu nyingi za sasa huchukua lenye arm64-v8a, kuukuu nyingi huchukua armeabi-v7a. Lile linalofaa mtumie muuzaji, atalikubali kwenye mipangilio ya simu yake, kisha keti naye sokoni asubuhi samaki wanapoingia. Usimwelekeze. Tazama kidole kinasita wapi. Juani herufi za kijivu hazisomeki kabisa: weka nyeusi juu ya nyeupe, ukubwa wa 20 kwenda juu, na kitufe kipana kinachobonyezeka kwa mkono wenye maji.

Akiomba mauzo ya jana yabaki, ongeza kifurushi cha sqflite, kinachohifadhi rekodi ndani ya simu yenyewe bila intaneti.