Namna ya kuusaka mkondo wa chini pale ikweta kwa kufuata chumvi

Anza na Machi. Wanafunzi wangu hapa Unguja hukimbilia data za Julai kwa kuwa kusi ndiyo yenye kishindo, kisha wanalalamika hawaoni kitu. Mkondo wa chini pale ikweta katika Bahari ya Hindi si wa kudumu kama wenzake wa Pasifiki na Atlantiki. Hujitokeza vizuri kaskazi ikielekea kuisha, Februari hadi Aprili. Upepo unaotoka mashariki hurundika maji ya juu upande wetu wa Afrika, na maji ya chini, yasiyoguswa na upepo, hutiririka kurudi mashariki. Juu ya mstari wenyewe wa ikweta hakuna ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayopinda mikondo. Yakikengeuka kidogo, kaskazini au kusini, nguvu hiyo huyarudisha njiani.

Sasa pakua vipimo vya Argo, mtandao wa maboya yanayopima bahari duniani, ni bure. Boya la Argo huelea kwenye kina cha mita 1,000; kila baada ya siku 10 hivi huzama hadi mita 2,000, halafu hupanda likipima joto, chumvi na mgandamizo, na kutuma yote kwa setilaiti. Chagua latitudo 2 kusini hadi 2 kaskazini, longitudo 60 hadi 80 mashariki. Safu ya PRES ni mgandamizo: hesabu desibari moja kuwa mita moja, kwa kazi hii inatosha. PSAL ni chumvi, na 35 ni kama gramu 35 katika kilo moja ya maji.

Chora chumvi kwa kina, mita 0 hadi 300 tu. Unatafuta tumbo, yaani sehemu kati ya mita 50 na 150 hivi ambapo chumvi inazidi ya juu yake na ya chini yake. Chumvi hiyo asili yake ni Bahari ya Arabuni, ambako maji yanayovukizwa na jua ni mengi kuliko mvua na kipimo hupita 36; mkondo wa chini huibeba kwenda mashariki. Ukienda mashariki, juu yake hulala maji mepesi ya Ghuba ya Bengal, yaliyozimuliwa na mito Ganges na Brahmaputra.

Usiamini kila tumbo. Panapo badiliko la ghafla la joto, kipimajoto na kipimachumvi haviitiki kwa pamoja, basi chumvi inayokokotolewa hutoa mwiba wa uongo. Tumbo la kweli lina unene wa makumi ya mita. Tupa kila kipimo ambacho alama yake ya ubora si 1, yaani si safi. Halafu linganisha maboya jirani kwenye mita 1,500, ambako maji hayabadiliki ovyo. Boya linalosoma chumvi nyingi kuliko wenzake huenda kipimio chake kimechoka.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali: chumvi inakuambia maji yametoka wapi, haikuambii yanakwenda kwa kasi gani. Boya la Argo nalo huchukuliwa na maji ya mita 1,000, si ya mita 100. Na ile kanuni ya kukokotoa kasi kutokana na mteremko wa uzito wa maji inagawanya kwa nguvu ya mzunguko wa dunia, ambayo ikweta ni sifuri. Nenda kwenye maboya ya RAMA, mtandao wa maboya ya Bahari ya Hindi yaliyotiwa nanga, hasa lile la ikweta, longitudo 80.5 mashariki. Lina chombo kinachopiga mlio majini na kupima mwangwi unaorudi kutoka kwa viumbe vidogo vinavyochukuliwa na mkondo. Kasi chanya ni kuelekea mashariki. Maji ya juu yakienda magharibi huku ya mita 100 yakienda mashariki, umeupata.

Ikifika Aprili na Mei, wakati wa tanga mbili, ongeza uangalifu: maji ya juu nayo hukimbia mashariki, takriban mita moja kwa sekunde, mkondo ulioelezwa na Klaus Wyrtki mwaka 1973. Ukisoma kina kimoja tu utauchanganya na wa chini. Kati ya Agosti na Oktoba mkondo wa chini wakati mwingine hurudi, wakati mwingine hauonekani, kwa hiyo kila mwaka uchorewe mchoro wake kabla hujatafuta wastani.